Kompyuta yako nayo ina anwani: ijue kabla ya shida kubisha hodi

ILIKUWA Jumapili usiku, yapata saa nne unusu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvua viatu na kusema kwamba siku imeisha. Ghafla nikasikia kishindo sebuleni, kisha kimya, kisha kilio cha msichana mkubwa, kile kilio ambacho mzazi akikisikia huenda mbio bila kuuliza.

Mpwa wangu, anayesoma chuo kikuu na ambaye huishi nasi wakati wa masomo, alikuwa ameketi mezani akimalizia kazi yake ya mwisho ya mwaka. Kitinda mimba wetu, katika pitapita zake za kutafuta mpira, alijikwaa kwenye waya wa chaja. Kompyuta ya kupakata ikaruka kutoka mezani ikaanguka kifudifudi sakafuni. Tulipoiinua, kioo kilikuwa cheusi kama chungu cha zamani. Taa ndogo za ubavuni zilikuwa zingali zinawaka na kipepeo cha ndani kilikuwa kikivuma. Kompyuta ilikuwa hai, lakini ilikuwa imepofuka.

"Mjomba," akaniambia, machozi yakimtoka, "kazi yote imo humu. Mwisho wa kuituma ni saa sita kamili."

Sijui wewe msomaji ungefanya nini. Mimi nilimkumbuka dada yangu, mama yake, aliyeko Kitale. Najua magunia ya mahindi aliyouza kulipa karo ya muhula ule. Kazi ikichelewa, mwalimu haandiki alama; alama ikikosekana, somo linarudiwa; somo likirudiwa, magunia mengine yanatoka ghalani. Hayo yote yalikuwa yamefungiwa ndani ya kioo cheusi, na saa ya ukutani ilikuwa haimsubiri mtu.

Utauliza, mbona hamkuichomeka kwenye televisheni kwa waya? Swali zuri. Ukiwa na waya unaofaa, hiyo ndiyo njia ya mkato. Sisi hatukuwa nao, na saa hiyo duka gani mtaani lingekuwa wazi? Kifungua mimba wangu ndiye aliyekuja na wazo. Kompyuta yake ya mezani ndiyo iliyo jirani na printa, kwa hiyo miezi kadhaa nyuma yeye na binamu yake walikuwa wametengeneza folda ya pamoja. Ilikuwa ndani ya ile kompyuta iliyoanguka, ili yeye aweze kufungua faili za binti na kuzichapisha bila kusumbuana. Kazi ya binti ilikuwa humo humo ndani ya folda hiyo.

"Kama kompyuta ingali kwenye waifai," kijana akasema, "tunaweza kuingia kwa mlango wa nyuma. Shida ni kwamba nikiiita kwa jina haiitiki. Nahitaji anwani yake."

Anwani! Hapo ndipo sote tulipotazamana. Hakuna aliyekuwa akiijua. Na kwa kawaida, njia ya kuijua anwani ya kompyuta ni kuitazama kwenye kioo chake.

Kabla sijakueleza tulivyoipata, mpenzi msomaji, acha kwanza tuelewane kuhusu anwani yenyewe. Nimegundua kwamba wengi wetu tunalipia intaneti kila mwezi bila kujua jambo hili dogo.

Sanduku la posta na vyumba vya ploti

Kila kifaa kinachozungumza na vingine kwenye mtandao lazima kiwe na anwani, ambayo wataalamu huiita anwani ya IP. IP ni kanuni za mazungumzo baina ya kompyuta. Chimbuko lake ni kazi ya Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, waliochapisha wazo lao mwaka wa 1974. Kanuni tunazozitumia hadi leo ziliandikwa mwaka wa 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET ukahamia kwenye kanuni hizo.

Anwani hiyo huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.12. Kila namba haiwezi kupungua 0 wala kuzidi 255. Ukizipanga namba hizo kwa kila namna unapata anwani zaidi ya bilioni 4.2. Miaka ya themanini hizo zilionekana nyingi kama mchanga wa ufuoni. Leo ni chache kuliko watu walioko duniani, na mtu mmoja ana simu, televisheni na kompyuta. Mnamo Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho kwa mashirika ya mabara. Letu sisi Waafrika linaitwa AFRINIC, na makao yake yako Mauritius.

Basi dunia inaendeleaje? Kwa ujanja ambao kila aliyewahi kupanga chumba katika ploti anaujua.

Tazama ploti yenye vyumba kumi na viwili. Mwenye ploti ana sanduku moja la posta. Barua zote za wapangaji huja kwa sanduku hilo. Msimamizi wa ploti huzichukua, hutazama jina, kisha hugonga mlango: hii ni ya chumba cha 4, hii ni ya chumba cha 9. Karani wa posta hajui vyumba hivyo wala haimhusu. Na ploti ya ng'ambo ya barabara nayo ina chumba cha 4, lakini barua hazigongani, kwa sababu masanduku ni mawili tofauti.

Nyumbani kwako, msimamizi huyo ni ruta, kile kisanduku chenye taa zinazopepesa ambacho fundi wa intaneti alikufungia ukutani. Ruta ina anwani ya nje, ambayo ni kama sanduku la posta. Ndani ya nyumba hugawia kila kifaa anwani yake ya chumba. Mwaka wa 1996 wataalamu walitenga rasmi mafungu matatu ya anwani kwa kazi hii ya ndani. La kwanza huanza na 10. La pili huanzia 172.16 hadi 172.31. La tatu huanza na 192.168. Hili la mwisho ndilo utakalolikuta katika nyumba nyingi.

Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba kompyuta yako huko Buruburu na ya shemeji yako huko Kisumu zote ni 192.168.1.5. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Kila ploti ina chumba cha tano.

Jinsi ya kuiona anwani yako

Haya, tuingie kazini. Tuanze na kompyuta za Windows, kwa kuwa ndizo zilizojaa majumbani na vyuoni.

Kwenye kibodi, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Kisanduku kidogo kitatokea. Andika cmd, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka. Usiogope weusi wake, hakuna utakachoharibu. Andika ipconfig, neno moja bila nafasi, kisha bonyeza Enter tena.

Maandishi mengi yatamiminika, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Subira, ndugu. Maandishi hayo yamegawanywa mafungu, kila fungu likieleza njia moja ya kompyuta kuingia mtandaoni. Fungu lolote lililoandikwa "Media disconnected" liruke, njia hiyo haitumiki. Ikiwa unatumia waifai, tafuta fungu ambalo kichwa chake kina neno Wi-Fi. Ikiwa umechomeka waya wa mtandao, tafuta lenye neno Ethernet. Ndani ya fungu hilo kuna mstari ulioandikwa "IPv4 Address". Namba zilizo mbele yake ndizo anwani ya kompyuta yako.

Ukishafika hapo, shuka mistari michache utazame palipoandikwa "Default Gateway". Hiyo ni anwani ya msimamizi mwenyewe, yaani ruta. Aghalabu huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, lakini usikisie. Inakili kama ulivyoiona, tutaihitaji baadaye.

Kwa wale wenye kompyuta za Mac, shikilia kitufe cha Option kisha ubofye alama ya waifai iliyo juu ya kioo. Anwani itatokea hapo hapo pamoja na ya ruta. Wanafunzi mnaotumia Linux, fungueni dirisha la amri muandike hostname -I, hiyo I ikiwa herufi kubwa. Katika Linux nyingi inatosha. Ikigoma, andikeni ip addr.

Kwenye simu, nenda mahali pa mipangilio, ufungue waifai, kisha uguse mtandao ulioungana nao. Kwa iPhone gusa ile alama ya i iliyozungushiwa duara. Kwa simu za Android aghalabu ni alama ya gurudumu lenye meno, halafu uteremke chini hadi uone anwani. Majina ya milango hutofautiana kidogo baina ya simu na simu, lakini nyumba ni ile ile. Angalia tu kwamba simu iko kwenye waifai ya nyumbani wala si kwenye bando lako.

Jambo moja huwachanganya hata wenye digrii. Kuna tovuti ambazo ukizifungua hukwambia, "Anwani yako ni hii." Namba utakayoipata huko haitafanana na ile uliyoiona kwenye dirisha jeusi. Hakuna iliyo ya uongo. Tovuti inakuonyesha sanduku la posta, ambalo ndilo watu wa nje hukuona nalo. Dirisha jeusi linakuonyesha namba ya chumba. Ukitaka kompyuta mbili za nyumba moja zipeane faili, au ukitaka kuelekeza printa, unayoihitaji ni namba ya chumba.

Namba zinaposema kuna ugonjwa

Anwani ni kama ulimi kwa daktari: ukiitazama unajua hali ya mwili. Ukiona inaanza na 192.168, au 10, au 172 ikifuatwa na namba kati ya 16 na 31, ujue kompyuta imepewa chumba. Kama intaneti bado haiingii, basi tatizo liko kwingine. Pengine waya wa nje umekatika, au malipo ya mwezi yamekwisha.

Ukiona inaanza na 169.254, hapo kuna jambo. Maana yake ni kwamba kompyuta ilibisha hodi ikiomba chumba, msimamizi asiitike, ikaamua kujipa namba yenyewe kwenye veranda. Ukiwa na namba hiyo hutafika kokote nje. Zima ruta, subiri kama nusu dakika, uiwashe tena, kisha uitenge kompyuta na waifai na kuirudisha. Mara nyingi dawa ni hiyo tu. Mtu asikutoze pesa kwa kazi hiyo.

127.0.0.1 ni kompyuta ikijisema yenyewe, kama mtu anayesema "mimi." Kila kompyuta inayo, kwa hiyo haiwezi kukusaidia kuitafuta kompyuta nyingine.

Utaona vilevile mstari wenye anwani ndefu yenye herufi na nukta mbilimbili, pengine ikianza na fe80. Huo ni uzao mpya wa anwani, IPv6, uliobuniwa miaka ya tisini baada ya wataalamu kuona kwamba zile bilioni nne hazitatosha. Usiufute wala usiuogope. Kwa kazi za nyumbani tunazozizungumza leo, ile fupi inatosha.

Tulivyoitafuta kipofu

Sasa turudi sebuleni. Saa nne na dakika arobaini na tano, na tunaitafuta anwani ya kompyuta isiyoonyesha kitu.

Kijana akasema, "Kama mgonjwa hawezi kusema, tumuulize msimamizi." Ruta ndiyo iliyogawa vyumba, kwa hiyo ina daftari. Kwenye kompyuta yake akaitafuta anwani ya ruta kwa njia niliyokueleza, akaiandika kwenye kile kisanduku cha juu ambamo huandikwa anwani za tovuti. Ukurasa wa ruta ukafunguka, ukidai jina na neno la siri. Neno la siri la nani? Nikaipindua ruta. Chini yake kulikuwa na karatasi ya kiwandani yenye jina na neno hilo. Tangu fundi aifunge sikuwahi kulibadilisha. Liweke hilo akilini, nitalirudia kwa aibu.

Tukaingia, tukaona orodha ya vifaa vilivyoungana. Vilikuwa kumi na kimoja. Printa tuliijua, televisheni tuliijua, simu zilijitambulisha. Kompyuta zilikuwa tatu: ya mezani ya kijana, yangu kuukuu, na ya binti. Lakini zote tatu ziliandikwa yale majina ambayo Windows hujipa yenyewe, neno DESKTOP au LAPTOP likifuatwa na herufi na tarakimu zisizo na maana. Ipi ni ipi?

Tukafanya kama mwalimu anayeita majina darasani. Kijana akatazama anwani ya kompyuta yake kwa ile amri ya ipconfig: 192.168.1.4. Tukaipiga mstari. Nikaiwasha yangu nikafanya vivyo hivyo: 192.168.1.9. Tukaipiga mstari. Ikabaki moja peke yake, 192.168.1.12. Hiyo ndiyo iliyokuwa imelala mezani imepofuka.

Lakini kabla ya kuigusa, binti alikumbuka jambo la maana. Alikuwa akiandika kurasa za mwisho wakati wa ajali, na hakuwa amezihifadhi. Akakaa mbele ya kile kioo cheusi, akavuta pumzi, akabonyeza Ctrl na S kwa pamoja, jinsi mtu apapasavyo kiberiti gizani. Akangoja kidogo. Kisha akabonyeza Alt na F4 ili kuifunga faili. Hakuna aliyeona lolote.

Kijana akafungua dirisha la mafaili kwenye kompyuta yake, akaandika juu kabisa mikwaju miwili inayolalia nyuma, ikifuatwa na anwani, hivi: \\192.168.1.12. Akabonyeza Enter. Kisanduku kikaomba jina na neno la siri la binti, binti akayaandika. Sekunde kadhaa zikapita, nami nikijisikia mapigo ya moyo masikioni. Kisha folda ikatokea. Ndani yake faili ikatokea. Na mbele ya faili, saa ya kuhifadhiwa: saa tano kasoro dakika mbili, yaani dakika chache tu zilizopita.

Binti hakusema neno. Alimkumbatia binamu yake, akavuta kiti, akasoma kazi yake kutoka mwanzo hadi mwisho kwenye kompyuta ya mezani, akasahihisha makosa mawili matatu, na saa tano na dakika thelathini na tano akaituma. Kitinda mimba, mwenye makosa, alikuwa amelala zamani.

Ningependa kukwambia kwamba tulikuwa werevu. Ukweli ni kwamba tulikuwa na bahati. Kama kompyuta ingezimika ilipoanguka, kama folda ya pamoja isingekuwepo, kama stima ingepotea mtaani usiku ule na ruta kuzimika, hadithi hii isingekuwa ya kusimuliwa Jumapili. Anwani ilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo, lakini bila hicho mnyororo ungekatika.

Wageni wawili katika daftari

Nilisema nitarudia jambo kwa aibu. Orodha ya ruta ilikuwa na vifaa kumi na kimoja. Kesho yake jioni tuliketi tukahesabu vyetu: simu nne, kompyuta tatu, televisheni moja, printa moja. Hizo ni tisa. Mbili zilizosalia zilikuwa simu ambazo hakuna mtu katika nyumba yetu anayezijua.

Uchunguzi haukuchukua muda. Kitinda mimba alikiri, macho chini, kwamba alimpa rafiki yake wa nyumba ya pili neno la siri la waifai kwa malipo ya mandazi mawili. Ya pili, hadi leo sijui ilikuwa ya nani.

Huenda ukasema, "Kwani jirani akitumia intaneti yangu kuna hasara gani?" Yupo jirani mwema, na ukipenda kumpa ni hiari yako. Lakini fahamu unachompa. Aliye kwenye waifai yako yuko ndani ya ploti. Anaweza kubisha mlango wa printa, wa televisheni, na wa folda ya pamoja kama haina neno la siri. Na akifanya uovu mtandaoni, anwani ya nje itakayoonekana ni sanduku lako la posta, si lake. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa. Mpelelezi akija kuuliza, atabisha kwanza kwa aliyeandikishwa kulipia laini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulifanya mambo mawili jioni ile. Tulibadilisha neno la siri la waifai, wageni wote wakatoka wenyewe. Kisha tukabadilisha neno la siri la kuingilia ruta, lile la karatasi ya kiwandani. Maana kama mimi niliweza kuingia kwa kuipindua tu, basi mtu yeyote aliyewahi kunywa chai sebuleni kwangu angeweza.

Mbona printa husahau njia?

Akina mama na akina baba mnaofanya kazi za kuchapisha nyumbani mtanielewa: printa ilikuwa ikifanya kazi vizuri jana, leo kompyuta inasema haiioni, na hakuna aliyeigusa. Sababu mojawapo ni hii. Ruta hukodisha vyumba, haiuzi. Anwani hutolewa kwa muda maalumu. Stima ikipotea na kurudi, huenda printa ikapewa namba nyingine, ilhali kompyuta ingali inaitafuta kwenye chumba cha zamani.

Ruta nyingi zina mahali pa kukiwekea kifaa anwani ya kudumu, kama mwenye ploti anayesema, "Chumba cha 20 ni cha huyu, asipewe mwingine." Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, uifungie printa namba yake. Utakuwa umejiokoa na asubuhi nyingi za kugombana na mashine.

Na tahadhari moja ya mwisho. Wapo matapeli wanaopiga simu wakisema, "Tumeona anwani yako ya IP, kompyuta yako imevamiwa, lipa au tupe neno lako la siri tuitengeneze." Usibabaike. Namba ya chumba si siri ya kutisha, nyumba nyingi zinazo zinazofanana nayo. Hata anwani ya nje huonyesha kampuni inayokuuzia intaneti na eneo kwa kukadiria, haionyeshi mlango wako. Kata simu, uendelee na chakula chako.

Kazi ya leo

Leo, mkimaliza chakula cha mchana, mpenzi msomaji, chukueni daftari la watoto lenye kurasa zilizobaki. Kila mtu aitafute anwani ya kifaa chake, aiandike na jina la kifaa mbele yake. Andikeni na anwani ya ruta. Namba zinaweza kubadilika, ndiyo, lakini majina na idadi vitawafaa siku ya kuhesabu. Kisha zibadilisheni zile DESKTOP na LAPTOP ziwe na majina ya kueleweka, kama vile "ya-mama" au "ya-mezani." Kwenye Windows ni kazi ya dakika mbili: fungueni mipangilio, sehemu ya System, halafu About, mtaona pa kubadilisha jina.

Na ninyi wanafunzi, yasikilizeni maneno ya binti aliyenusurika. Siku hizi kazi yake hukaa mahali pawili kila jioni, na waya wa chaja hupita nyuma ya meza.

Kompyuta yake ilipata kioo kipya mwezi uliofuata, na alipata alama nzuri. Dada yangu kule Kitale hakuambiwa lolote hadi matokeo yalipotoka. Alipoambiwa alicheka, kisha akauliza swali moja tu: "Na yule mtoto aliyejikwaa, mlimpiga?"

Hatukumpiga. Tulimfundisha kuandika ipconfig, na sasa ndiye anayesoma daftari la ruta kila Jumamosi na kuniambia kama kuna mgeni. Mandazi hanunuliwi tena.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.